Jinsi ya Kuzuru Mapango ya Batu na Kupita Salama Katikati ya Kima

Mapango ya Batu yamo katika kilima cha mawe ya chokaa huko Gombak, jimbo la Selangor nchini Malaysia, kilomita 13 hivi kaskazini mwa Kuala Lumpur. Hakuna haja ya teksi, kwa kuwa treni ya KTM, shirika la reli la Malaysia, hutoka kituo cha KL Sentral mjini Kuala Lumpur na kuishia karibu kabisa na kilima. Fika asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.

Pango kuu ni hekalu la Wahindu lililoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19, na ibada hufanyika humo hadi leo, kwa hiyo magoti na mabega yafunikwe. Mwanamke aliyevaa nguo fupi hutakiwa kukodi kitambaa langoni. Khanga moja mkobani huondoa usumbufu huo. Sikukuu ya Kihindu ya Thaipusam, ambayo huangukia Januari au Februari, huleta umati mkubwa mno, na anayetaka utulivu achague siku nyingine.

Ngazi za kupandia pangoni zina vidato 272, navyo vilipakwa rangi za kupendeza mwaka 2018. Hapo ndipo wanapokaa kima wenye mkia mrefu, wa jamii ya makaki, na hapo ndipo pa kuwa makini kuliko pengine popote. Wanyama hawa wamezoea kupewa ndizi na nazi, nao wamejifunza kwamba mfuko wa plastiki unaochakarisha huwa na chakula, hivyo humnyang'anya mgeni bila kusita. Kabla ya kupanda, weka chupa ya maji, miwani na vitafunio ndani ya begi lenye zipu, ulivae kifuani, na mikono iwe mitupu. Kima akishakamata kitu chako, kiachie, kwa maana kuvutana naye ndiko kunakoleta meno.

Usimkazie macho, kwani kwake huo ni uchokozi. Na akikutazama huku amefumbua mdomo wazi, amekuonya, basi rudi nyuma polepole bila kukimbia. Usisimame kati ya mama na mtoto wake, hata kama picha itakuwa nzuri kiasi gani. Nawasihi pia wageni wasiwalishe: kila tonge linalotolewa leo humfanya kima awe mkali zaidi kwa mtoto atakayepita kesho. Ukiumwa au kukwaruzwa, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari kwamba ni makaki, kwa sababu wanaweza kubeba virusi vya hatari kwa binadamu.

Ndani ya pango, dari limeinuka juu sana na mwanga huingia kupitia matundu yaliyotobolewa na maji ya mvua, ambayo huyeyusha chokaa kidogo kidogo kwa muda mrefu mno. Matone hayo huifanya sakafu iteleze, hivyo vaa viatu vyenye soli inayoshika, ingawa utavivua kabla ya kuingia katika vihekalu.

Wakati wa kushuka, shika chuma cha pembeni, lakini tazama kwanza unapoweka mkono, kwa kuwa kima hupenda kukaa juu yake.