Namna ya Kushusha Ukomo wa Mwendo Katika Mitaa ya Mji

Kazi ya kushusha ukomo wa mwendo kutoka kilomita 50 hadi 30 kwa saa huanza kwa vipimo, si kwa kusimika vibao. Chagueni siku ya kawaida, kisha mpime mwendo wa magari yanayopita bila kuzuiwa na foleni, kwa kuwa gari lililobanwa na mengine halionyeshi mwendo ambao dereva angeuchagua mwenyewe. Wastani pekee hautoshi; tafuteni pia mwendo ambao magari 85 kati ya kila 100 hayauzidi. Andikeni vilevile mahali ambapo watu huvuka kweli, hata kama hapana kivuko, kwa maana ndipo ajali zinapotarajiwa.

Mtakapokwenda mbele ya halmashauri, hoja itakayowafaa zaidi ni ya umbali wa kusimama. Dereva wa mwendo wa 50 anayehitaji sekunde moja kuitambua hatari husafiri takriban mita 14 kabla breki hazijaanza kushika, ilhali mwenzake wa mwendo wa 30, kwenye lami kavu, huwa amekwisha kusimama ndani ya umbali huohuo. Mtoto akitokea ghafla mita 14 mbele yao, wa kwanza humgonga kwa mwendo wake wote na wa pili hamfikii. Wapinzani watasema safari zitarefuka. Wajibiwe kwamba mjini muda mwingi hupotelea kwenye makutano na taa, si katikati ya mtaa.

Katika kuchagua barabara, fuateni kanuni iliyomo katika Azimio la Stockholm la Februari 2020, tamko la mkutano wa kimataifa wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, kwamba pale watembea kwa miguu wanapochangamana na magari mara kwa mara, ukomo uwe kilomita 30, isipokuwa kuna ushahidi thabiti kwamba mwendo wa juu zaidi ni salama. Eneo zima ni bora kuliko vipande vipande, ambavyo humchanganya dereva. Mji wa Graz nchini Austria ulifanya hivyo mwaka 1992: mitaa ilipewa 30, barabara kuu zikabaki na 50. Barabara kuu zinazobaki hivyo zinahitaji vivuko vyenye taa.

Sehemu ngumu, na ndiyo inayokwepwa mara nyingi kwa sababu ya gharama, ni kubadili umbo la barabara. Barabara pana na iliyonyooka humwalika dereva kukimbia, kibao kiseme kitakavyo. Punguzeni upana wa njia za magari, inueni vivuko vifikie usawa wa njia ya waenda kwa miguu, kazeni kona ili gari lisiweze kukata bila kupunguza mwendo, na zuieni maegesho karibu na kivuko, kwa kuwa gari lililoegeshwa humficha mtoto. Matuta yanafaa, ila panapopita mabasi na magari ya wagonjwa yawe mapana yenye mteremko wa taratibu.

Tangazeni mabadiliko mapema, polisi au kamera zifuate baadaye. Baada ya miezi michache, pimeni tena palepale, kwa njia ileile. Kipande ambacho magari bado yanazidi mwendo wa 30 hakihitaji kibao cha pili. Kirudishwe kwa mhandisi kipunguzwe upana.