Vibarua wako wakiona hatari wananyamaza? Anza hapa

Mimi ni fomani wa majengo, saiti zangu nyingi ziko upande wa Mukono na Namanve huku Uganda, na kitu kimoja naomba mkishike: kibarua akiona hatari akanyamaza si kwamba hajali, anaogopa hela ya leo. Analipwa kwa siku, akionekana ana mdomo basi kesho geti hafunguliwi. Kwa hiyo shughulika na hiyo hofu kwanza, mabango ya usalama baadaye.

Asubuhi kabla ya kazi simameni dakika tano tu, na usihubiri. Uliza swali lenye jibu: jana ni wapi ulikaribia kuanguka? Uliza kwa Kiswahili na Luganda, na kama kuna mtu wa Arua au Karamoja hajashika vizuri mwenzake amtafsirie, maana watu wanaitikia ndiyo fomani na hawajaelewa kitu.

Yule wa kwanza kusema ndiye wenzake wote wanamwangalia atafanywa nini. Kwetu kijana mmoja wa zege alisema jukwaa la juu linacheza, nikapanda naye, tukakuta kamba iliyofunga ile miti ya kalitusi imeoza pale kwenye fundo, ukiigusa na kidole nyuzi zinakatika, na watu walikuwa wanapitisha tofali hapo tangu Jumatatu! Nikashusha wote, tukafunga upya, nusu siku ikaenda na nikahakikisha kila mtu amelipwa siku nzima. Hiyo malipo ndiyo iliwafungua midomo jamani, wiki hiyo hiyo nikaletewa waya wa mashine uliochubuka, ngazi iliyokosa kipago, na shimo la msingi lililoachwa wazi.

Kama huwezi kurekebisha leo, rudi umwambie mbele ya wenzake ni kwa nini na itakuwa lini.

Mwakilishi wa usalama waache wachague wenyewe, usiwawekee shemeji yako. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtambua huyo mtu, na pia inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa. Wasomee hiyo kwa sauti, wengi hawajawahi kuisikia. Helmeti na gambuti toa bure, usikate kwenye malipo, na wewe mwenyewe vaa hata kama umepita dakika mbili tu.

Halafu hii ya kutoa zawadi kwa timu iliyomaliza mwezi bila ajali mimi siitaki kabisa. Mtu anakatwa kidole anafunga kitambaa anaficha mkono mfukoni ili wenzake wasikose zawadi, kidonda kinaoza. Hiyo zawadi mpe aliyeripoti, hata kama alichoripoti ni msumari mmoja umesimama kwenye ubao.