Rangi za Nebula ya Tai: jinsi ninavyounganisha salfa, haidrojeni na oksijeni

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawazifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika ufukweni na nyavu hushonwa. Usiku huo wanapolala wao, mimi ndipo ninapobeba darubini kupanda mwambani kule Luchelele, Mwanza, kwa sababu filta za ukanda mwembamba hupitisha nanomita chache tu za nuru na kuuacha nje mwanga mwingi wa mwezi na wa jiji.

Mwongozo huu unahusu kazi ya mezani inayofuata baada ya hapo, picha zikiwa zimeshaingia kwenye kompyuta. Mfano wangu ni M16, Nebula ya Tai, iliyo umbali wa takriban miaka 6,500 ya nuru. Kwetu Mwanza, nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, Tai hupita karibu na utosi katika miezi ya kiangazi. Tuna bahati sana hapo.

Nianze na jambo linalobeba mwongozo mzima. Rangi iliyokolea haitoki kwenye kitufe cha kukoza rangi. Inatoka kwenye tofauti kati ya picha tatu za nyeusi na nyeupe, moja kwa kila gesi. Tofauti hizo zikilindwa tangu hatua ya kwanza, rangi hujitokeza zenyewe. Zikifutwa njiani, hata ukoze vipi utapata tope.

Kabla ya yote: rangi hizi ni za kweli?

Mzee mmoja mvuvi wa Igombe aliwahi kuniuliza hivyo. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaitazama picha kwenye simu yangu kwa muda mrefu. "Mwanangu, ukifika huko utaikuta dhahabu hii?"

Nilimjibu: hapana mzee, lakini gesi utaikuta pale pale ilipo kwenye picha. Haidrojeni hung'aa kwenye nanomita 656.3 na salfa kwenye 671.6 na 673.1. Zote mbili kwa jicho letu ni nyekundu, huwezi kuzitofautisha. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hung'aa kwenye 500.7, kati ya buluu na kijani. Tunachofanya ni kuzitandaza zisilaliane: salfa yenye wimbi refu kuliko zote inapewa nyekundu, haidrojeni ya katikati inapewa kijani, oksijeni yenye wimbi fupi inapewa buluu. Mpangilio wa mawimbi unabaki vilevile. Ndivyo wanaastronomia Jeff Hester na Paul Scowen walivyofanya mwaka 1995 kwa picha ya darubini ya angani ya Hubble ya nguzo za gesi zilizo katikati ya nebula hii.

Mpangilio huu una faida nyingine, na ndiyo itakayokukagulia kazi yako. Kuing'oa oksijeni elektroni ya pili kunahitaji nishati ya elektronivolti 35. Kwa haidrojeni, elektroni yake hutoka kwa 13.6, na salfa huachia ya kwanza kwa 10.4 tu. Kwa hiyo oksijeni hung'aa karibu na nyota zenye joto kali, na salfa huonekana zaidi kwenye kingo za mawingu mazito, ambako nuru kali imeshapungua nguvu. Buluu yako ikizagaa kila mahali, au ikikaa pembezoni huku katikati hakuna kitu, rudi nyuma ukatafute kosa.

Hatua ya 1: Saa za kutosha, hasa za oksijeni

Seti ninayoitumia hapa ina saa 3 za haidrojeni, saa 5 za salfa na saa 5 za oksijeni, kila picha dakika 5, kwa kamera ya nyeusi na nyeupe iliyopozwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Haidrojeni ina nguvu, haihitaji kubembelezwa. Oksijeni ndiyo mgonjwa wa nyumba.

Anga la mbalamwezi ni buluu kama la mchana, ila hafifu, na oksijeni iko upande huohuo wa buluu. Haidrojeni na salfa huvumilia mwezi, oksijeni haivumilii sana. Zaidi ya hapo, mwezi mpevu wa Juni na Julai hupita maeneo ya kundinyota la Kausi (Sagittarius), jirani kabisa na Tai. Mimi hupiga haidrojeni na salfa kwenye mwezi wa Agosti, ambao umeshasogea mbali kidogo, na oksijeni huipa usiku wa giza, taa za dagaa zikiwepo au zisiwepo.

Hatua ya 2: Kusafisha na kurundika

Natumia Siril, programu ya bure. Piga picha za giza ukiwa umefunika lenzi, kwa joto lilelile na muda uleule wa picha zako. Piga pia picha za anga la alfajiri kupitia fulana nyeupe iliyofunika mdomo wa darubini, kwa kila filta peke yake. Usiziruke hizi. Ufukweni vumbi, umande na vijidudu vya ziwani huacha alama kwenye vioo, na alama moja ya duara kwenye oksijeni itageuka duara lililokosa buluu katikati ya picha yako.

Ukimaliza kurundika, yaani kuziunganisha picha zote za filta moja kuwa picha moja, uwe na faili tatu: S ya salfa, H ya haidrojeni na O ya oksijeni. Zote zilinganishwe na picha moja ya rejea, ile ya H, ili nyota zikae juu ya nyota.

Hatua ya 3: Mteremko wa mwanga

Hapa ndipo picha nyingi za kwetu huharibika. Taa za mitumbwi ziko chini upeoni na Tai yuko juu, lakini hewa ya ziwani ina unyevu mwingi na unyevu husambaza mwanga. Picha yangu ya O huwa na upande mmoja mweupe, ule wa ziwani. Kwa macho unaona kidogo tu, ila ukiinua mwanga baadaye utakuwa shuka zima la buluu.

Ondoa mteremko huu kwenye kila faili kivyake, kabla ya kuunganisha, kwa Siril au GraXpert. Weka alama za sampuli mahali penye anga tupu tu. Eneo la Tai limejaa gesi, kwa hiyo alama 10 zilizochaguliwa kwa makini zinafaa kuliko 100 zilizotawanywa na kompyuta. Kisha tazama kile kilichoondolewa, programu hukuonyesha. Kikiwa na umbo laini kama kivuli cha jioni, sawa. Ukiona umbo la nebula ndani yake, umetupa gesi pamoja na uchafu. Rudia.

Hatua ya 4: Toa nyota

Programu ya StarNet huzitoa nyota na kukuachia gesi tupu. Fanya hivyo kwa faili zote tatu, na zihifadhi nyota za H. Sababu ni hii: S na O zitahitaji kuinuliwa sana, na nyota zikiwemo zitavimba, kila moja na pete yake ya rangi.

Hatua ya 5: Inua mwanga wa kila faili peke yake

Usiwe na haraka hapa. Faili zote bado ni nyeusi tii. Inua H kwanza kwa histogramu, hatua ndogo ndogo, hadi nguzo zionekane na kingo zake zing'ae bila kuungua. Kisha inua S na O, kila moja zaidi ya H, mpaka sehemu zao angavu zifikie kiwango kinachokaribiana na cha H. Giza la anga liwe sawa kwenye faili zote tatu. Mimi huliweka karibu na 0.08, ambapo 0 ni nyeusi kabisa na 1 ni nyeupe kabisa.

Chenga za O zitajitokeza. Zipunguze sasa, kwa kiasi, kabla hazijawa chenga za rangi.

Halafu weka faili tatu kando kwa kando na uzitazame kama picha tatu tofauti. S ionyeshe kingo, H ijaze mwili, O iwe kama moshi katikati. Kama S inafanana na H kabisa, punguza ung'avu wa kati wa S na uache kingo tu zisimame. Hizo tofauti ndizo rangi zako, hata kama bado hujaona rangi yoyote.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Ukiweka S kwenye nyekundu, H kwenye kijani na O kwenye buluu bila kuchanganya, utapata picha ya kijani kama gugumaji lililofunika ghuba. Ni kwa sababu H iko kila mahali. Ninachotumia ni mchanganyiko huu, ndani ya hesabu za pikseli za Siril:

nyekundu = 0.7 × S + 0.3 × H
kijani = 0.6 × H + 0.4 × O
buluu = O

Tuujaribu kwa namba. Chukua mwili wa wingu, H ikiwa 0.6, S 0.5, O 0.2. Bila kuchanganya, nyekundu ni 0.5, kijani 0.6, buluu 0.2: manjano ya ukijani. Kwa mchanganyiko, nyekundu ni 0.53, kijani 0.44, buluu 0.2: hiyo ni dhahabu. Nenda katikati, H 0.6, S 0.3, O 0.6, upate 0.39, 0.6 na 0.6, rangi ya maji ya ziwa saa nne asubuhi. Kwenye ukingo, H 0.4, S 0.6, O 0.1, upate 0.54, 0.28 na 0.1, rangi ya kutu. Gesi tatu, rangi tatu, na bado hatujagusa kitufe cha kukoza.

Namba zangu si sheria. Nebula yenye oksijeni nyingi inaweza kukutaka upunguze ile 0.4. Badilisha moja tu kwa wakati mmoja, utazame ilichofanya.

Hatua ya 7: Kijani kilichobaki, na kukoza

Kifaa cha kuondoa kijani kikitumika chote huua rangi ya maji na kuacha buluu kavu. Kitumie kwenye nakala, kisha changanya nakala na picha ya mwanzo nusu kwa nusu. Ndipo ukoze, kidogo, dhahabu na buluu kwa zamu, huku ukiifunika anga kwa maski ili chenga zake zisipate rangi. Ukingo wa nguzo ukipoteza nyuzi zake na kuwa bapa kama rangi ya ukutani, umepita, rudi.

Hatua ya 8: Nyota na hifadhi

Nyota za filta hizi zikiunganishwa kwa rangi huwa zambarau. Mimi hurudisha nyota za H peke yake, nyeupe, kwa hesabu ya 1 − (1 − gesi) × (1 − nyota), nikiwa nimezipunguza mwanga kidogo. Ukiwa na kamera ya rangi, dakika 15 za nyota bila filta hizi zitakupa nyota za manjano na za buluu kama zilivyo, na hilo ni bora zaidi.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, maana picha ya kawaida hubanwa na mabadiliko laini ya dhahabu hukatika vipande. Ukichapisha, ongeza mwanga kwanza, karatasi hutoa picha nyeusi kuliko skrini. Na zile faili tatu za S, H na O zilizorundikwa, kabla ya kuinuliwa, zihifadhi mahali pawili. Mimi Agosti ijayo sitaanza upya. Nitaongeza saa 3 za oksijeni tu, kwenye usiku wa giza, nizirundike pamoja na za zamani, na kurudia kuanzia hatua ya 3.