Jinsi ya kumpata mhenga asiyeonekana kwenye kumbukumbu

Karibu kila anayechimba historia ya ukoo wake hufika mahali uzi ukakatika. Mke wa mzee anajulikana, watoto wake wote wana tarehe, hata kazi yake inajulikana, lakini ukiuliza alizaliwa wapi na wazazi wake ni nani, kimya. Unaandika jina lake kwenye tovuti hii na ile, na majibu ni ama hakuna mtu, ama watu mia tatu wenye jina hilo.

Kazi yangu ni kuwatafutia watu asili zao, na ninachokiamini ni hiki: mtu wa namna hii hapatikani kwa kutafutwa yeye. Hupatikana kwa kuwafuata watu waliomzunguka. Hatua zifuatazo zinakupeleka huko, kwa hiyo usiziruke za mwanzo eti kwa sababu ni nyepesi.

Hatua ya 1: Andika swali moja

"Nataka kujua kila kitu kuhusu babu wa babu" haliwezi kufanyiwa kazi. "Wazazi wa fundi viatu aliyefunga ndoa katika parokia hii mwaka 1868 ni akina nani?" linaweza, kwa sababu lina mtu, mahali, mwaka na jambo moja linalotafutwa.

Chini yake orodhesha unayoyajua, na kando ya kila jambo andika umelipata wapi: cheti, kaburi, masimulizi ya shangazi, mti wa ukoo wa mtu mwingine mtandaoni. Hiyo ya mwisho itilie alama ya kuuliza. Miti ya mtandaoni hunakiliwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na watu hamsini wanaokubaliana mara nyingi wamemnukuu mmoja aliyekisia.

Hatua ya 2: Soma upya waraka wenyewe

Wengi huishia kwenye faharasa. Faharasa ni kazi ya mtu aliyechukua mambo mawili matatu kutoka kwenye ukurasa na kuyaacha mengine, na hayo aliyoyaacha ndiyo unayoyahitaji.

Chukua ndoa iliyosajiliwa Uingereza baada ya tarehe 1 Julai 1837, usajili wa kiserikali ulipoanza. Faharasa itakupa jina, wilaya na robo ya mwaka. Ukurasa wa daftari una zaidi: tarehe, umri, kama bwana harusi ni kapera au mgane, kazi yake, makazi yake, jina na kazi ya baba yake, kisha sahihi za mashahidi.

Sasa sogea karibu. Penye umri pameandikwa "umri kamili". Hiyo ina maana ametimiza miaka 21, basi. Anaweza kuwa na 22 au 60. Penye sahihi yake pana alama ya X, kwa hiyo huenda hakujua kuandika, na tahajia ya jina lake ilikuwa ya karani. Mama yake hayumo kabisa, maana kule Uingereza na Wales majina ya mama yalianza kuingizwa kwenye kumbukumbu za ndoa mwaka 2021. Na shahidi wa pili ana jina la ukoo usilolifahamu. Mwandike pembeni. Tutamrudia.

Hatua ya 3: Legeza tahajia

Johann, Jan, Juan na John wanaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wanne wa lugha tofauti. Orodhesha namna zote ambazo jina lingeweza kusikika, halafu namna ambazo mwandiko wa zamani ungeweza kusomwa vibaya: L na S, T na F, u na n. Tovuti nyingi hukubali alama ya nyota badala ya herufi usizo na hakika nazo. Nyingine hutumia Soundex, mfumo uliopewa hataza Marekani mwaka 1918, unaolibana jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu kwa kufuata sauti: Smith na Smyth wote ni S530. Udhaifu wake ni kwamba herufi ya kwanza haibadiliki, kwa hiyo jina lililoanza na K likaandikwa kwa C litakuponyoka.

Jingine: ile hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji mjini New York, waliwabadilishia wahamiaji majina haina msingi. Maofisa walikagua watu kwa orodha za abiria zilizokwisha kuandikwa kwenye bandari za kuondokea. Jina lililobadilika lilibadilika kabla ya safari, au baadaye, mara nyingi kwa hiari ya mwenyewe. Tafuta huko.

Hatua ya 4: Zitilie shaka tarehe

Katika sensa ya Uingereza ya 1841, waandikishaji walielekezwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye kigawe cha tano kilicho chini yake. Mtu wa miaka 39 akawa 35. Ukikokotoa mwaka wa kuzaliwa kwa hesabu hiyo bila kujua, utapekua vitabu vya miaka ambayo alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Kalenda nayo ina mtego. Uingereza, kabla ya 1752, mwaka mpya kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Ukikuta ndoa ya Mei 1720 na ubatizo wa mtoto wa kwanza Februari 1720, usiharakishe kusema mtoto alitangulia ndoa. Februari ile ilikuja baada ya Mei. Kwa hesabu yetu ni 1721, miezi tisa kamili. Nchi zilihamia kalenda ya Gregori kwa nyakati tofauti, kuanzia 1582 hadi karne ya 20 (Urusi ilisubiri hadi 1918), kwa hiyo angalia kwanza mahali pako paliihama ya zamani lini.

Hatua ya 5: Jua kilichopotea

Unaweza kumlaumu mzee kwa kujificha kumbe kitabu chake kiliungua. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa Washington mwaka 1921. Ya Uingereza na Wales ya 1931 iliteketea mwaka 1942. Mjini Dublin, mwaka 1922, mapigano yaliangamiza hifadhi ya nyaraka pamoja na sehemu kubwa ya sensa za Ireland za 1821 hadi 1851.

Kila pengo lina viraka vyake. Kwa Ireland, watafiti hukimbilia tathmini ya kodi ya ardhi iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, inayotaja wapangaji na wenye ardhi mtaa kwa mtaa. Kwa jumla, watu wakikosekana kwenye sensa, kodi, ardhi, mahakama, jeshi na makaburi huwa bado vinawakumbuka. Hakikisha pia mipaka ya wilaya au hata ya nchi ilikuwaje wakati huo, kwa kuwa nyaraka hubaki na ofisi iliyotawala siku ile.

Hatua ya 6: Wafuate waliomzunguka

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Watu walihama na ndugu, na majirani, na wa dini moja. Walipofika walipanga chumba kwa mtu wa kwao, wakaoa dada wa rafiki, wakasimamiana ubatizo, wakadhaminiana kwenye mikopo. Mtafiti Mmarekani Elizabeth Shown Mills ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane sana: chunguza marafiki, washirika na majirani.

Fungua ukurasa mpya, andika kila jina lililowahi kuonekana karibu na mzee wako: mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo wa kila mtoto (wa mtoto wa tano pia), kaya tatu juu na tatu chini yake kwenye sensa, waliotajwa kwenye wosia, waliouziana naye kiwanja, waliozikwa kando yake. Jina linalojitokeza zaidi ya mara moja ndilo la kuanza nalo.

Yule shahidi wa pili sasa. Mtafute kana kwamba ni babu yako. Huenda alifariki akaandikiwa tanzia inayotaja kijiji alikozaliwa. Huenda aliomba uraia, na fomu ikamuuliza alikotoka. Ukishakijua kijiji, fungua vitabu vya ubatizo vya huko, umtafute mzee wako na ndugu zake wote. Jina moja linaweza kufanana kwa bahati. Ndugu wanne wanaolingana kwa majina na mpangilio si bahati.

Kwa wanawake njia hii ndiyo mara nyingi ya pekee, kwa sababu ndoa iliwafuta jina la ukoo. Tafuta kaka zake. Kaka alibaki na jina, alirithi, alishtakiwa, aliandikwa, na wosia wa baba utamtaja binti kwa jina la mumewe.

Njia hii imewavusha hata waliozuiwa na ukuta mzito kuliko wote. Kwa Wamarekani weusi wengi, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja mababu kwa jina. Majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860 yaliandika jina la mmiliki, kisha kwa watumwa umri, jinsia na rangi, karibu kila mara bila jina. Lakini benki ya akiba ya walioachwa huru, iliyofanya kazi 1865 hadi 1874, iliwauliza wateja majina ya wazazi, wenzi, watoto na ndugu zao. Mjukuu aliyemkosa babu amempata kwenye fomu ya dada wa babu.

Hatua ya 7: Jaribu kumwangusha uliyempata

Umepata mtoto mwenye jina na mwaka sahihi? Kabla ya kufurahi, tafuta maziko yake. Watoto wengi walikufa wachanga, na wamebandikwa kwenye miti ya ukoo kama mababu wa watu walio hai. Kisha mtafute akiwa mtu mzima kwingine: ikiwa mwaka 1871 anaishi na mke mwingine katika mji mwingine, huyo si wako. Watu wawili wa jina moja watenganishe kwa jedwali lenye tarehe, mahali, kazi, mke na majirani. Kazi na majirani hutofautisha kuliko umri.

Hatua ya 8: DNA, kwa akili

Kipimo hakikupi jina la mtu. Kinakupa ndugu walio hai, kisha wewe unatafuta wapi miti yenu inakutana. Watoto wa ndugu wawili hushiriki wastani wa asilimia 12.5, wajukuu wa ndugu wawili kama 3, vitukuu chini ya 1, na baadhi ya hao hawaonyeshi chochote cha pamoja japo undugu ni wa kweli. Ndiyo maana apimwe mzee kuliko wote katika ukoo kwanza: yuko karibu zaidi na unayemtafuta. Kromosomu Y hufuata baba kwa mwana pekee, DNA ya mitokondria hufuata mama. Mzee huyo mweleze kabla ya kupimwa kwamba siri za uzazi zinaweza kutoka, na akikataa, heshimu.

Hatua ya 9: Andika ulichofikia

Andika aya moja au mbili: ushahidi upi unaunga mkono, upi unapinga, na kwa nini unaupinga huo unaopinga. Kama huwezi kujibu unaopinga, andika "inawezekana" na uache hivyo. Orodhesha pia ulikotafuta ukakosa, pamoja na tahajia na miaka uliyotumia, usije ukarudia. Nyaraka mpya hufunguliwa kwa ratiba: sensa ya Marekani hufichwa miaka 72, ya 1950 ilitoka Aprili 2022 na ya 1960 inatarajiwa 2032. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda yako, kando yake majina ya wale uliotaka kuwafuata ukawakosa.