Punda siyo ng'ombe, msimlishe protini kama ng'ombe

Kiangazi cha huku Tabora kinaanza kama Mei hivi, na ikifika Septemba ukipita Nzega au Igunga unakutana na punda wamebeba madumu ya maji, mbavu unazihesabu, na mwenyewe ukimuuliza anakwambia punda hana shida huyo anakula chochote. Ni kweli anakula chochote, ila kula ni kitu kimoja na kufaidi ni kingine.

Ng'ombe ana vijidudu visivyoonekana kwa macho kwenye tumbo lake la mbele, vinachukua naitrojeni (ndo malighafi ya protini) ya kwenye nyasi hata kama nyasi ni mbovu, vinajijenga, alafu vinasukumwa kwenye utumbo mdogo na vyenyewe vinameng'enywa, yaani ng'ombe anakula vijidudu vyake mwenyewe. Punda na farasi wao vijidudu vyao vimekaa nyuma, kwenye utumbo mpana, utumbo mdogo ukishapita. Kwaiyo protini ya kumfaa inatakiwa imeng'enywe mapema huko mbele, ile iliyobanwa kwenye nyuzi ngumu za bua inapita tu mpaka nyuma, vijidudu vinaifanyia kazi na sehemu kubwa inaishia kutoka na mavi.

Ndo maana jani ni muhimu kuliko shina. Mabua ya mahindi yana protini kama asilimia 4 tu, majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri yanafika 10 hivi. Punda wa kilo 150 anakula kama kilo 3 za malisho makavu kwa siku, ukimpa mabua matupu anapata gramu 120 za protini, toa kilo 1 ya mabua weka kilo 1 ya majani ya karanga zinakuwa 180, na karanga huku tunalima wenyewe. Shida ni namna tunavyoyakausha. Tunang'oa, tunaanika shambani kwenye jua kali wiki mbili tatu, ukija kubeba unasikia yanavunjika kama karatasi kavu, majani yote yanabaki chini na wewe unapeleka nyumbani vijiti. Funga mafungu asubuhi mapema yakiwa bado na unyevu kidogo wa umande yasipukutike, yaweke kivulini juu ya chanja penye upepo. Yakiota ukungu usimpe kabisa.

Alafu naona wengine wanachukua ule mchanganyiko wa ng'ombe wenye urea, ile mbolea ya naitrojeni, wanampa na punda. Acheni jamani. Urea kwa ng'ombe inafanya kazi kwa sababu vile vijidudu viko mbele, kwa punda inafyonzwa kwenye utumbo mdogo inaingia kwenye damu na nyingi inatoka kwenye mkojo, na ikizidi inaua.

Mwenyewe punda ana ujanja wake, asili yake ni sehemu kavu, chakula kikiwa na protini kidogo figo zinabakiza nyingi ya ile urea ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, na mwili unairudisha utumboni vijidudu viitumie tena. Hapo ndo anapovumilia kiangazi kuliko farasi. Ila ujanja huo una mwisho, naitrojeni ikipungua sana vijidudu vya nyuma vinachoka, hata zile nyuzi havizivunji vizuri, nyasi zinajaa tumboni na punda anakonda huku tumbo limetuna.

Kuzidisha nako hapana. Ukimjazia mashudu ya alizeti ile protini ya ziada ini linaigeuza urea, anakunywa maji mengi anakojoa sana, na banda asubuhi ukiingia amonia inakuchoma macho, ujue hela yako ndo hiyo inanuka. Pia majani ya lusina, ule mti wa malisho, japo yana protini nzuri, yasiwe chakula chake cha kila siku, maana yanamnyonyoa nywele za shingoni na mkiani.

Ukibadilisha chakula nenda taratibu siku 7 mpaka 10, vijidudu vizoee. Kama majani mazuri ni machache anza na jike anayenyonyesha na mtoto anayekua, hao ndo wanajenga maziwa na mwili. Na ukimkuta mtoto wa wiki chache anakula mavi ya mama yake usimchape, ndo anachukua vijidudu vya kuanzia maisha ya nyasi.