Somo: Kufundisha kichwa kwa mbio ndefu na baiskeli, wiki nane na mwanasaikolojia

Wanaoendesha baiskeli Tanga hadi Muheza na kurudi, na wanaokimbia mpaka Pongwe na kurudi, wote wanakijua kipande kimoja kibaya. Kwenda unaelekea magharibi, jua liko mgongoni na hewa bado ina ubaridi. Kurudi ni saa mbili na nusu, jua linakupiga usoni, malori yameshaamka, na stendi ya Kange haifiki. Hapo ndipo watu wanapokata upepo, na ukiwauliza watasema miguu. Mara nyingi miguu bado ina kitu. Kilichokwisha ni uvumilivu wa kichwa: ugumu umepanda, kichwa kimeamua kwamba hauvumiliki, mwendo umeshuka.

Kazi ya mwanasaikolojia wa michezo ni kukusaidia kupajua mahali hasa unapokatika, kisha mtengeneze kifaa cha mahali hapo. Hiyo si hotuba ya kukupandisha mori. Anayemtafuta mwanasaikolojia siku mbili kabla ya mbio amechelewa, sawa na anayeanza mazoezi ya mlima siku mbili kabla ya mlima. Wiki nane zinatosha kwa kuanzia, na vikao vitano: wiki ya 1, ya 3, ya 4, ya 6, na cha mwisho baada ya mbio. Mengine ni dakika kumi kila siku, daftari, kalamu na saa.

Kumpata mtu mwenyewe

Muulize mambo matatu kabla hamjaanza: amesomea wapi saikolojia na kwa kiwango gani, amewahi kufanya kazi na wanamichezo, na siri zako zinakaa wapi. La tatu ndilo watu wanalolisahau. Hata kama kocha ndiye aliyekupeleka, mkubaliane mapema kipi ataambiwa na kipi hataambiwa. Kama Tanga hujampata anayejua michezo, wa Dar es Salaam kwa simu ya video anafaa, mradi kikao cha kwanza kisipungue saa nzima na uwe mahali ambapo hakuna mtu anayekusikiliza.

Akikuahidi ushindi, ondoka. Na kama hulali wiki kadhaa, chakula kinakukimbia au unakiogopa, dada umekosa hedhi miezi mitatu, au una mawazo ya kujidhuru, mbio zisubiri. Mwambie hayo kwanza, na uende hospitali. Bombo ipo.

Hatua ya 1: Daftari (wiki ya 1 na ya 2)

Chora safu nne: kilomita au dakika, alama ya ugumu kutoka 0 hadi 10, maneno yaliyopita kichwani, na ulichofanya baada ya hapo. Sifuri ni kukaa barazani, 10 ni kushindwa kabisa kuendelea. Andika ndani ya dakika 15 baada ya mazoezi, kabla ya kuoga na kabla ya chai. Ukiandika usiku, kumbukumbu imeshasafishwa na utaandika tu "nilichoka."

Maneno yaandike kama yalivyokuja, hata kama ni matusi. "Leo sina mwili." "Yule mzee amenipita." "Nitasema tumbo linauma." Hiyo sentensi ya mwisho mwanasaikolojia ataipenda kuliko zote.

Hatua ya 2: Kupatafuta mahali (kikao cha wiki ya 3)

Peleka daftari likiwa na mazoezi nane au zaidi. Mtatafuta kinachojirudia. Kuna wanaokatika alama ya ugumu ikifika 7 popote walipo. Kuna wanaokatika wakipitwa, hata ugumu ukiwa 5. Kuna wanaokatika wakiiona njia ndefu iliyonyooka. Wa kwanza anahitaji maneno, wa pili anahitaji mpango, wa tatu anahitaji kuigawa njia. Ukimpa mmoja dawa ya mwenzake, haifanyi kazi, kisha unasikia "saikolojia ni ya Wazungu."

Hapohapo mtenganishe maumivu mawili. Ya juhudi yameenea, yanapanda na kushuka na mwendo, yako pande zote mbili. Ya jeraha yana kidole: unaweza kuonyesha yalipo, yako upande mmoja, na yanakubadilishia hatua. Hakuna kifaa chochote cha somo hili kinachotumika kwa maumivu ya pili. Vijana wanapenda kutajiwa John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico 1968, akaumia goti na bado akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Ni mfano wa heshima, si ratiba ya mazoezi.

Hatua ya 3: Kujisemesha (kuanzia wiki ya 3)

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo panapoharibiwa zaidi. Jaribio moja la Wales lililochapishwa 2014 liliwafundisha watu kujisemesha kwa wiki mbili, kisha wakaendesha baiskeli ya ndani kwa mzigo uleule mpaka wakashindwa. Wastani ulipanda kutoka dakika 10 na sekunde 37 hadi dakika 12 na sekunde 31, kama asilimia 18. Ugumu waliousikia ulipungua. Kundi lisilofundishwa halikubadilika.

Inafanywa hivi. Chukua sentensi inayokukata, mfano "Sina mwili leo." Usiandike kinyume chake, "Nina nguvu za simba," kwa sababu kichwa kitacheka. Andika jambo ambalo ni kweli na bado linakusukuma: "Umeshapita hapa." Maneno mawili hadi manne, yaingie ndani ya pumzi moja ya kutoa. Jiite "wewe" badala ya "mimi". Wengi huliona linabeba zaidi, kama vile kocha yuko pembeni. Tengeneza manne tu: mawili ya kuelekeza mwili ("Mabega chini," "Hatua fupi") na mawili ya kutia nguvu ("Bado unayo," "Kaza mpaka nguzo").

Kipimo chake:

Wiki ya 3, tumia neno moja katika mbio nyepesi, dakika 5 tu, ulizoee mdomoni. Wiki ya 4 na ya 5, katika mazoezi ya vipande: kaza dakika 3, legeza dakika 2, mara 6, neno linaingia dakika ya mwisho ya kila kipande, si kabla. Wiki ya 6 na ya 7, katika safari ndefu, na ni pale tu ugumu ukifika 7. Neno lisilofanya kazi mara tatu mfululizo, lifute, utengeneze jingine kwenye kikao.

Kosa la kawaida ni kuanza kulisema kuanzia kilomita ya kwanza. Linachakaa. Ukifika Kange unalitamka kama mtu anayesoma bango la duka.

Hatua ya 4: Ikiwa hivi, basi hivi (wiki ya 4)

Mipango mitatu, isizidi. Zaidi ya hapo hutaikumbuka ukiwa na joto. "Ikiwa kundi limeniacha, basi nashusha gia moja na kuhesabu pumzi 20 kabla ya kuamua." "Ikiwa nimepata pancha, basi nasogea nje ya lami, nakunywa maji mafunda mawili, ndipo nashika tairi." "Ikiwa upepo wa kusi unanipiga njia ya Tongoni, basi naacha kuangalia saa na kufuata alama ya ugumu." Ziandike kwenye plasta, uibandike kwenye usukani, mkimbiaji aibandike ndani ya mkono.

Mpango wa nne hauhesabiwi kwa sababu ni wa lazima: ikiwa ngozi inasisimka kwa baridi wakati kuna joto, kizunguzungu, kutapika, au maneno yanakuponyoka, basi nasimama, nakaa kivulini, namwita mtu, najimwagia maji. Joto la pwani na unyevu wake halisikii maneno.

Hatua ya 5: Kuiona njia kabla (wiki ya 5 hadi ya 7)

Mara tatu kwa wiki, dakika 8 hadi 10, umekaa wima, umevaa viatu vya mbio. Wa baiskeli ashike usukani. Chagua kipande kimoja tu, dakika 8 za njia kwa dakika 8 za saa. Kione kwa macho yako mwenyewe, siyo kama unajitazama kwenye runinga. Weka jasho la chumvi machoni, honi ya basi nyuma, harufu ya dizeli. Katikati weka mkosi mmoja kutoka Hatua ya 4 na ujione ukiutatua. Wanaojiona wakivuka mstari tu na mikono juu wanajiburudisha, na hilo halina ubaya, ila mazoezi ni kitu kingine.

Hatua ya 6: Kuigawa njia (kikao cha wiki ya 6)

Umakini nao una akiba. Anayejikagua kila hatua kuanzia mwanzo anafika mwisho kichwa kimekauka. Kwa theluthi ya kwanza acha macho yatembee, zungumza na mwenzako, ukijikagua kila baada ya dakika 5: mabega, pumzi, mdomo wa kiu. Theluthi ya pili, kila dakika 2. Ya mwisho, kutoka alama hadi alama: mti, daraja, kibanda cha madafu. Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 na wa pili. Baada ya saa mbili na dakika kama kumi, akili ilitakiwa iwepo bado mita ya mwisho.

Hatua ya 7: Wiki ya mbio, na baada yake

Usiongeze kitu kipya. Usiku na alfajiri: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, dakika 5. Moyo kwenda mbio kabla ya kuanza ni mwili kujiandaa, usiuite ugonjwa. Ndani ya saa 48 baada ya mbio andika palipokatika, kifaa ulichotumia, kama kilifanya kazi. Kikao cha mwisho kinaanzia hapo.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Kocha wetu anasema haya yote ni woga, mwanamume anajikaza. Nifanyeje? (Kijana, Chumbageni)*

Marahaba, mwanangu. Usibishane naye. Muombe kitu kimoja: mazoezi ya vipande sita, akuandikie muda wa kila kimoja. Fanya hivyo wiki ya 3 na tena wiki ya 7. Angalia cha tano na cha sita, maana hapo ndipo kujisemesha kunapoonekana. Makocha wengi wanaamini saa kuliko maelezo. Ila kumbuka wiki nne za mazoezi nazo zimekuongezea mwili, kwa hiyo usidai kwamba sekunde zote ni za kichwa.

*Mwezi wa Ramadhani unaingia katikati ya wiki zangu nane. Niache? (Ngamiani)*

Usiache, panga upya. Kuiona njia na pumzi vinafanyika ukiwa umefunga bila shida. Mbio nyepesi za dakika 30 hadi 40 ziweke karibu na magharibi ili ukimaliza maji yako mbele yako. Vipande vihamie baada ya tarawehe, kwa sababu neno linahitaji ugumu wa 7 na ugumu huo kwenye swaumu mchana ni hatari. Na usitumie daftari la siku za mfungo kutafuta mahali unapokatika. Kukatika kwa kiu si tabia yako.

*Nakimbia na ushungi wangu asubuhi, wavulana wa kijiweni wananipigia kelele. Mwendo wote unaharibika. (Dada, Sahare)*

Pole, dada yangu. Tenganisha mawili. Kama kuna anayekufuata au kukuziba njia, hilo ni la usalama: badili saa na njia, kimbieni wawili au watatu, mwambie mjumbe. Usilipeleke kwenye kujisemesha. Kama ni maneno tu, kinachoharibu mwendo ni jibu unalolitunga kichwani kwa kilomita mbili zinazofuata. Mpango wako: "Ikiwa nimesikia kelele, basi natazama mita 30 mbele na kutoa pumzi ndefu mara tatu." Ufanyie mazoezi nyumbani, mtu wa nyumbani apige kelele za kweli. Mtacheka mara mbili za kwanza, ya tatu itafanya kazi.

*Vikao vitano sina uwezo navyo. Vichache kabisa ni vingapi?*

Viwili. Cha wiki ya 3 ukiwa na daftari lililojaa, na cha wiki ya 6. Hatua ya 1, 4 na 5 unaweza peke yako. Usichoweza peke yako ni kuusoma mkanganyiko wako mwenyewe. Kila mtu anajiona anakatika kwa sababu ya joto.

*Muziki masikioni je?*

Uwanjani Mkwakwani au chumbani kwenye baiskeli ya mazoezi, sawa. Barabara ya Segera, hapana, malori hayo unahitaji kuyasikia.

*Nashinda dukani na hesabu, jioni nikienda mazoezi nakata mapema kuliko Jumapili. Ni uvivu?*

Si uvivu. Jaribio lililochapishwa 2009 liliwapa watu dakika 90 za kazi ngumu ya kompyuta kabla ya baiskeli. Walishindwa mapema kuliko siku waliyotazama filamu, ingawa moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya maana. Walichotofautiana ni ugumu waliousikia tangu mwanzo. Kwa hiyo jioni za hesabu fanya mbio nyepesi, vipande viende alfajiri kabla duka halijafunguliwa. Ukiwa huna budi, kaa dakika 20 bila simu kabla ya kutoka, na kwenye daftari andika pembeni "kichwa kimechoka," ili mwanasaikolojia asiichanganye siku hiyo na nyingine.