Kukodi Wanamuziki wa Klasiki kwa Hafla ya Jumba la Kale Mashambani Uingereza
Kabla ya kutia saini mkataba na kundi la wapigaji wanne, yaani fidla mbili, viola na chelo, uliza uongozi wa jumba kama muziki unaruhusiwa nje na unapaswa kukoma saa ngapi. Mkataba utaje mahali pa kuhamia mvua ikinyesha, kwa kuwa ala za mbao huharibiwa na unyevu na jua kali, na wanamuziki makini, ambao wana haki kabisa, hukataa kuzipiga pasipo na kivuli. Andaa viti visivyo na mikono, maana mikono ya kiti huzuia upinde, yaani kijiti cha kupigia nyuzi za ala hizo. Kwa ukumbi wa mawe wenye mwangwi mrefu, pendekeza muziki wa mwendo wa taratibu. Kuhusu malipo, anza na viwango vinavyotolewa na Musicians' Union, chama cha wanamuziki cha Uingereza, kisha ongeza nauli.